Sentimita Tatu za Mshono

3 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa, maana barua yako ya mwisho ilinuka dawa ya kuchua mpaka nikaianika dirishani kabla ya kuisoma. Mimi sijambo. Kifungo naye hajambo, ana miaka miwili na miezi mitatu sasa, na bado yuko kwa bibi yake mzaa baba. Jumapili nilipokwenda kumwona alikuwa amevaa kiatu kimoja cha bibi na kimoja changu cha zamani, anazunguka uani kama mkaguzi wa majengo.

Kiwandani bado tunashona sare. Mimi kazi yangu ni kola tu. Asubuhi kola, jioni kola. Nikifumba macho naona kola zimepangwa foleni.

Sasa jambo lenyewe, Mjomba. Karibu na geti la kiwanda kuna mpiga picha wa sherehe. Tangu mwaka jana mapumziko ya mchana nakaa kwake, na amenifundisha kuunga video kwenye kompyuta. Anasema nina mkono, kwa sababu najua mahali pa kukata pasionekane. Juzi akaniita akanionyesha kasha la kompyuta chini ya meza. Pawa saplai yake, kile kisanduku cha kuipa umeme, iliungua, na kadi yake ya grafiksi aliiuza zamani. Akasema, "Mama Kifungo, hili ukilifufua ni lako, na kazi za kuunga nitakuletea nyumbani. Mimi macho yamechoka na harusi za watu." Bila kadi, anasema, video inacheza kama mtu anayepanda ngazi na gunia.

Nina haraka kwa sababu bibi yake Kifungo anahama. Magoti yamemshinda, anakwenda kukaa kwa binti yake, safari ya siku nzima kutoka hapa. Anaondoka mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Amesema nikiwa na kazi ya kufanyia nyumbani ataniachia mtoto. Nisipokuwa nayo ataondoka naye, maana mtoto hawezi kufungiwa chumbani mimi nikiwa kiwandani. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananitoa nyuzi kwenye gauni huku anasema.

Kwenye bahasha hii kuna hela. Ndiyo hiyo tu, haina ndugu. Inatakiwa itoshe kadi na pawa saplai. Mpiga picha anasema ninunue kadi yenye feni tatu. Wewe fundi, unasemaje?

Mwanao.


20 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole na kola. Bahasha nimeipata kutoka kwa dereva wa vifurushi. Alichelewa, lori lililala siku sita kwenye matope. Naye anapenda kunipigia simu kunijulisha kwamba amefika. Nimemwambia mara ngapi kwamba masikio yangu yamestaafu. Simu yenyewe naiona tu ikitikisika mezani kama mende aliyepinduliwa.

Kifua kinaendelea. Umenipa habari za watu wote ila Baba Kifungo umemwacha nje ya barua kama viatu mlangoni. Hajambo?

Sasa hizo feni tatu. Unataka kompyuta au unataka kukausha nywele? Kwa kazi yako inatosha kadi iliyotumika, yenye kumbukumbu ya giga nne, isiyo na njaa ya umeme. Hela kubwa iende kwenye pawa saplai. Watu wanafanya kinyume. Wananunua kadi ya kifahari, halafu pawa saplai wanaokota yoyote iliyo karibu na mlango, kama mtu aliyemshonea bwana harusi suti halafu akamnyima chakula. Na pawa saplai mbovu haifi peke yake, mama. Inaondoka na bodi, inaondoka na diski, na ndani ya diski kuna harusi ya mtu ambaye hataoa tena.

Kadi nitakutafutia huku. Lakini kabla sijanunua nataka urefu. Fungua kasha ubavuni. Utaona sehemu kadi inapochomekwa kwenye bodi. Pima kutoka ukuta wa nyuma wa kasha mpaka kwenye kile chumba cha bati kinachoshika diski, mbele. Pima kwa rula, na niandikie mpaka milimita. Kadi ikizidi hata kidogo, haiingii, na wauzaji wa vilivyotumika hawarudishi hela.

Mimi Mjomba wako.


6 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Huku mvua zimekwisha, vumbi limeanza. Watu wote wa nyumbani hawajambo.

Kifungo ameanza maneno. Bibi yake anamwita Mama. Mimi kwa kuwa nafika Jumapili, amenipa jina lake mwenyewe, ananiita "Wa Jumapili." Bibi alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikacheka.

Rula nilikuwa nayo, ila ilivunjika mwanzoni, inaanzia tatu. Lakini Mjomba, mimi ni mshonaji, kwa vipimo usiwe na wasiwasi. Nimefanya tunavyofanya kiwandani, nimekukatia paterni. Ni hii karatasi ya kaki iliyokunjwa humu. Nimeilaza ndani ya kasha mahali ulipotaja, nikaichora, nikaikata kwa mkasi wangu wenyewe. Itandaze mezani. Kadi ikilala juu yake bila kuzidi, ujue itaingia. Hata usihangaike na milimita.

Nakuombea kifua.

Mwanao.


11 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Usidhani nimekaa kimya kwa uvivu. Kadi nzuri ya bei yetu ni kama nyumba ya kupanga yenye maji, ukisikia ipo unakimbia, ukifika ameshahamia mwingine. Mbili nilizikataa, feni zake zilikuwa zinakwaruza. Moja ilikuwa safi mno, na kadi iliyotumika ikiwa safi mno ujue imeoshwa.

Hii niliyoifunga humu nimeipata kwa mtu anayefunga ofisi. Ina feni mbili, giga nne, waya mmoja wa pini sita. Nimeijaribu siku mbili haikulalamika. Nimeilaza juu ya paterni yako, imelala ncha kwa ncha kama mtoto aliyelingana na kitanda chake. Katika miaka yangu yote ya ufundi sijaletewa kipimo cha namna hii. Nimemwonyesha hata tajiri wangu wa hapa dukani. Nikamwambia, "Ona kazi ya mpwa wangu." Alitikisa kichwa, kwa uzuri nadhani. Sikuwahi kuusoma mdomo wake.

Siku hizi nakaa mbele, karibu na mlango. Kuna upepo mzuri.

Hela iliyobaki nakurudishia. Pawa saplai nunua huko huko, ili ikikusumbua uirudishe kwa miguu. Fanya hivi. Kwanza ibebe. Nzuri ni nzito, ndani ina shaba na mabati ya kupooza joto. Nyepesi ni sanduku la hewa. Pili, usisome namba kubwa iliyoandikwa ubavuni, hiyo ni majigambo. Geuza, tafuta kibandiko chenye mistari, soma mstari wa volti kumi na mbili. Kuna namba ya ampea. Zidisha mara kumi na mbili. Hizo ndizo wati za kweli, na wewe unahitaji mia tatu na kitu. Yenye taa za rangi iache ilipo.

Ukiwasha tu, niandikie.

Mjomba.


28 Agosti

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Kifungo ameota magego, analia, ila akisikia redio ananyamaza na kucheza akiwa bado na machozi.

Nilikwenda kununua pawa saplai Jumamosi. Kuna mtaa mzima wa maduka ya vifaa hivyo, kila duka lina kijana mmoja na spika moja. Niliingia la tatu, lisilokuwa na spika. Nikamwambia muuzaji, "Nataka pawa saplai nzito."

Akaniangalia. "Nzito? Dada, hapa si buchani."

"Niletee ulizo nazo nizibebe."

Akanipa moja inayowaka kama mapambo ya ukumbi. "Hii ndiyo yenyewe. Wati mia saba. Wote wanachukua hii."

Nikaibeba. Nikamwambia, "Kaka, pasi yangu ni nzito kuliko hii."

"Mambo ya kisasa ni mepesi."

Nikaigeuza, nikatafuta mstari wako. Ampea kumi na nane. Nikatoa kalamu nikazidisha kwenye kiganja. Mia mbili na kumi na sita. Nikamwonyesha kiganja. "Hizo nyingine karibu mia tano zimekwenda wapi?"

Akacheka, akavuta kiti. "Nani kakufundisha?"

"Mjomba wangu. Ni kiziwi, hadanganyiki na maneno."

Basi akainama chini ya meza, akatoa moja ya kijivu, haina taa, haina mbwembwe, imeandikwa mia nne na hamsini. Ampea thelathini na nne. Nilizidisha mara mbili ili nihakikishe, ikaja mia nne na nane. Niliipakata njia nzima mpaka nyumbani, mkono ukafa ganzi. Muuzaji alisema nikichoka na kola niende nikamsaidie kuuza.

Kadi nayo ilifika salama. Ni nzuri. Asante sana, Mjomba.

Mwanao.


19 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu. Najua uzito wa pawa saplai, rangi yake, na kwamba mkono ulikufa ganzi. Umenichekesha sana na ile ya buchani. Lakini sijui kama feni imezunguka. Mtu aliyewasha kompyuta yake ya kwanza huanza na hilo, mengine yanafuata.

Ilizunguka?

Na Baba Kifungo je.

Mjomba.


5 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kiwandani tumeongezewa saa, vidole vimejaa plasta. Kifungo alikuwa na mafua, amepona. Bibi ameanza kufunga vyombo vyake, sufuria moja moja.

Kadi bado haijakaa. Haikuingia vizuri. Si kosa lako hata kidogo, usilifikirie. Nitaona la kufanya.

Mwanao.


17 Oktoba

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimepata yale maneno yako mawili, haikuingia vizuri. Ahsante kwa kunisitiri, lakini mimi si mtoto.

Acha nikueleze kilichonipata, maana nilikuficha. Mwezi wa tatu niliunguza bodi ya mteja. Nilichomeka waya kinyume. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, nikalifanya mimi. Tajiri hakufoka. Angefoka ningeona mdomo. Aliniondoa tu kwenye meza ya ufundi akaniweka mbele, karibu na mlango, niandike risiti. Kiziwi apokee wateja. Wananiambia kichapishi, naandika kibodi. Huo ndio upepo mzuri niliokuandikia.

Kadi yako ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu siku ile. Niliilaza juu ya karatasi yako nikapima mara tatu. Nilipovua miwani nikajiambia, bado nipo. Ndiyo maana nilimwonyesha tajiri. Sasa kama hata hapo nilikosea, na kitu kipo mezani mbele ya macho yangu, basi wana haki. Hela yako nimeitupa, na mtoto ataondoka kwa sababu yangu. Sina neno la kukufuta machozi nalo.

Kuna kijana wa duka la jirani ameomba kununua bisibisi zangu na vile vifaa vya kupimia umeme. Nimemwambia aje mwisho wa mwezi ujao. Nimechoka, mama. Si kuchoka kwa kulala.

Mjomba wako.


26 Oktoba

Mjomba wangu, baba yangu,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika mara nne na tatu za mwanzo nimezichana, kwa hiyo ukiona mwandiko mbaya ujue ni haraka, dereva ananingoja na injini inaunguruma. Nimemwambia asipokufikishia wiki hii sitamshonea tena kiti chake cha lori.

Wewe hukukosea. Aliyekosea ni mimi.

Sisi washonaji hatukati kitambaa kwenye mstari. Tunaacha nafasi ya mshono, sentimita moja na nusu kila upande, ili sindano ipate pa kupita. Kiwandani kila paterni imekatwa hivyo. Nilipoichora ile karatasi ndani ya kasha, mkono wangu ulitoka nje ya mstari wenyewe bila kuniuliza. Moja na nusu nyuma, moja na nusu mbele. Sentimita tatu, Mjomba. Nilikukatia nafasi ya mshono kwenye bati. Wewe ulipima sawasawa kwenye kitu kisicho sawa.

Nililijua siku ile ile kadi ilipofika. Niliichomeka ikagonga chumba cha diski, nikaitazama ile nafasi iliyozidi, nikajua. Nikakaa sakafuni nimeishika. Ningekwambiaje? Nilijitapa kwamba mimi mshonaji, kwa vipimo usiwe na wasiwasi. Halafu ulikuwa umeshaionyesha duka zima. Nikaona aibu nikanyamaza, nikidhani aibu ni yangu peke yangu, haimgusi mtu. Sikujua ulikuwa unaibeba wewe.

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema kweli, nimalizie. Baba Kifungo tangu mwezi wa pili ana nyumba nyingine na mtu mwingine. Mama yake anajua, ndiyo maana ananitoa nyuzi kwenye gauni. Sikukuandikia kwa sababu nikikiandika kitu naona kimekuwa kweli.

Sasa fanya hivi, tafadhali. Chukua ile paterni, ikate sentimita moja na nusu mwisho huu na moja na nusu mwisho ule. Ikate mbele ya tajiri wako. Mwambie mpwa wako ni mjinga wa sindano na wewe ni fundi.

Bibi anaondoka tarehe thelathini ya mwezi ujao. Mimi nimekuwa nikilitazama lile kasha wiki nzima, nikajiuliza, gauni likimbana mtu, tunamkata mtu? Tunalipanua gauni. Naweza kukata kile chumba cha diski? Nikikata nitaharibu nini? Kijana wa bisibisi mwambie angoje. Mimi nina swali kwanza.

Mwanao, mwenye aibu yake.


6 Novemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Dereva amefika na kiti hakijachanika, nadhani ulimtisha.

Niliisoma barua yako nimesimama. Halafu nikakaa nikacheka, na kwa kuwa siisikii sauti yangu, watu wanasema nilicheka kwa sauti kubwa mno, mteja mmoja akatoka. Miaka yote nimeona kadi zikikataa kuingia kwa sababu ya vumbi, kutu, pini zilizopinda. Mshono, huo ndio wa kwanza.

Nimeikata paterni mbele ya tajiri kama ulivyosema. Nikaiweka kadi nyingine ya urefu ule juu yake akaona inavyozidi. Akasema taratibu ili nisome, "Kwa hiyo hukukosea." Nikamwambia, "Hapa sikukosea. Ile bodi ya mwezi wa tatu nilikosea." Akanitazama, akaenda zake. Sijarudi kwenye meza. Niseme ukweli, sijui kama nitarudi. Lakini jana aliniletea bodi aliyotengeneza mwingine, akaniomba niikague kabla mteja hajaichukua. Kijana wa bisibisi nimemwambia zina mwenyewe.

Kuhusu baba yake mtoto, nimesoma, na nimekaa na wewe hapo. Usiniandikie tena "watu wote wa nyumbani hawajambo."

Sasa kasha. Ndiyo, utakata. Chumba cha diski ni bati tu, hakishiki roho ya kompyuta. Lakini kwanza toa bodi, toa pawa saplai, toa diski, toa kila kitu kibaki kasha tupu, ulitoe nje kabisa. Unga wa bati ukiangukia kwenye bodi, siku unawasha ndio siku unazika. Tumia mkasi wa bati, siyo mkasi wako wa kitambaa, najua utashawishika. Ukingo usiuache mkali, utakata nyaya na vidole vya mtoto. Piga tupa ulainike. Futa kasha kwa kitambaa kibichi, lianike likauke kabisa ndipo urudishe vitu. Diski ifunge kwa skrubu kwenye sakafu ya kasha. Waya wa pini sita usiusahau, wengi husahau halafu wanailaani kadi.

Vile vipande viwili nilivyokata kwenye paterni nimekuwekea humu. Viunganishe, ndio upana wa kukata. Safari hii usiongeze kitu.

Mjomba wako, fundi.


3 Desemba

Mjomba wangu,

Shikamoo, na hii naianza kinyume. Imezunguka.

Jumapili ya tarehe kumi na mbili sikwenda kwa Kifungo, ilikuwa mara ya kwanza kukosa. Mkasi wa bati niliazima kwa fundi mabomba wa nyumba ya pili, akaja nao mwenyewe maana hakuniamini. Kasha tupu tuliliweka uani juu ya ndoo. Nikabandika vipande vyako viwili kwenye bati kwa gundi. Halafu, Mjomba, sikukusikiliza. Nilikata sentimita mbili na nusu, ile nusu iliyobaki nikaikunja nyuma kwa koleo, nikaigonga ikalala. Fundi mabomba akauliza, "Unafanya nini hapo?"

Nikamwambia, "Pindo."

Akapitisha kidole ukingoni, taratibu, kisha akakipitisha tena. "Bati langu lote nyumbani lingekuwa hivi, mke wangu asingenisema." Akaniachia mkasi akaondoka.

Kadi iliingia. Imebaki nafasi ya karatasi moja kati yake na pindo. Nilichomeka waya wa pini sita nikausukuma mpaka ukalia, nikakaa mbali kidogo, nikawasha kwa kidole kimoja kama mtu anayeamsha mbwa. Kimya. Nilifikiri nitakufa. Kumbe swichi ya nyuma ya pawa saplai sikuiwasha. Nikaiwasha, feni zote mbili zikazunguka, na ile ya kijivu haikutoa hata harufu.

Mpiga picha alikuja kuijaribu. Ukweli ni kwamba harusi ameshampa mtu mwingine, alichoka kunisubiri, na hilo ni deni la aibu yangu ya Agosti. Amenipa video za mahafali ya shule tatu, na akasema nikizimaliza vizuri tutaona mwakani. Si nyingi. Nimepiga hesabu, zinafika kodi na chakula cha watu wawili, tukila kwa adabu. Kiwanda nimeaga. Mikono bado inashona kola yenyewe nikikaa bure.

Bibi alimleta tarehe ishirini na tisa. Aliitazama video ikicheza, watoto wamevaa majoho wanapokea vyeti, akaitazama mpaka mwisho kama anawajua wazazi wao. Kisha akanipa mfuko wa nguo za Kifungo, zote zimefuliwa na kupigwa pasi, hata soksi. Tulilia kidogo, mlangoni. Magoti yake yanamuuma sana. Akasema akitulia atatuma mtu aje amchukue mtoto siku za likizo tu.

Jioni Kifungo alimtafuta bibi chini ya kitanda na nyuma ya mlango. Siku ya pili hivyo hivyo. Jumamosi alikaa chini ya meza yangu, miguu kwenye kasha, kwa sababu linatoa joto.

Leo nimekuandikia asubuhi, ni Jumapili. Aliamka akanikuta kwenye kompyuta, akasimama na nywele zimesimama.

"Wa Jumapili," akasema.

"Naam."

"Leo Jumapili?"

"Leo Jumapili."

Akafikiri. Akashika ukingo wa meza. "Kesho unakwenda."

Nikamwambia kesho siendi, kesho ni Jumatatu na nipo. Akauliza na kesho yake. Nikamwambia nipo, nitakuwa hapa hapa kwenye kiti hiki naunga watoto wa watu. Alikwenda mlangoni, akaviokota viatu vyangu vya kutokea, kimoja kimoja, akaviingiza chini ya meza, akavikalia. Amevikalia mpaka sasa ninapokuandikia.

Paterni uliyobaki nayo usiitupe.

Mwanao.